Mashine za gemu za mkononi: Nguvu ni uvumi, nafasi ndiyo mali

Biashara ya vifaa vya elektroniki katika jiji la Arusha ina ugonjwa mmoja ambao safu hii imeona inafaa kuutaja kabla haujamaliza mitaji ya watu. Ugonjwa huo ni kununua na kuuza kwa kufuata uvumi. Mara husemwa kwamba mashine ya gemu ya mkononi ya kizazi kijacho itakuwa na nguvu maradufu. Mara husemwa kwamba itabeba gemu zote za dunia bila kuhitaji kadi ya memori. Mara husemwa kwamba iliyopo rafuni leo itakuwa chuma chakavu ifikapo mwaka mpya.

Anayesikia hayo akiwa na mzigo dukani huuza kwa bei ya kutupa ili ajitoe. Anayesikia akiwa na fedha mkononi huzifungia akisubiri. Wote wawili hupoteza, na aliyeanzisha uvumi halipi hata senti.

Maoni yetu ni haya: katika soko la Arusha na vitongoji vya Mlima Meru, nguvu ya mashine ni jambo la kuzungumzia tu, lakini nafasi ya kuhifadhi gemu ndiyo inayoamua faida na hasara ya muuzaji. Mwenye mtaji mdogo anayetaka kukisia mashine ijayo na akisie upande wa nafasi, betri na bei ya chipu. Habari za prosesa awaachie wenye muda.

Uvumi una aina mbili

Si kila uvumi ni uongo. Mfanyabiashara hana budi kujua uvumi umetoka wapi.

Chukua mfano wa mwaka 2021. Mnamo Machi mwaka huo shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba kampuni ya Nintendo ya Japani ilikuwa ikiandaa Switch mpya yenye uwezo wa kutoa picha za kiwango cha juu zaidi kwenye televisheni. Wapenzi wa gemu wakaibatiza jina kabla haijazaliwa na kuipangia nguvu na bei. Julai 2021 Nintendo ikatangaza mashine yake: kioo kizuri zaidi cha aina ya OLED, nafasi ya gigabaiti 64 badala ya 32, na prosesa yenye nguvu ileile ya zamani. Ilianza kuuzwa Oktoba 2021 kwa dola 349.99 za Marekani. Aliyekuwa ameuza Switch zake kwa hasara akiogopa mashine ya nguvu za ajabu alijikuta ameogopa kivuli.

Sasa tazama mfano wa pili. Mwaka 2024 zilionekana kumbukumbu za usafirishaji wa vipuri, karatasi za kawaida za shehena na forodha, zikionyesha kwamba mashine itakayofuata ingekuwa na memori ya kazi ya gigabaiti 12 na hifadhi ya ndani ya gigabaiti 256. Switch 2 ilipoingia sokoni tarehe 5 Juni 2025, takwimu zote mbili zilikuwa sahihi.

Tofauti ni nini? Uvumi wa kwanza ulikuzwa na matamanio ya wachezaji. Wa pili ulitoka kwenye hati za mizigo. Mfanyabiashara wa Arusha anayepitisha mzigo Namanga au bandari ya Dar es Salaam anajua vizuri kwamba hati ya mzigo haina mapenzi. Lakini aangalie pia kitu kingine: hata uvumi ule wa kweli haukutaja bei. Wengi walikisia dola 400, nayo ikatoka kwa dola 449.99. Wala haukumtayarisha mwenye duka kwa habari iliyomgusa zaidi, kwamba kadi za memori alizokuwa nazo kwenye kabati zisingefaa tena kuwekea gemu za mashine mpya. Hilo tutalirudia.

Nguvu haijawahi kuuza peke yake

Historia ya mashine hizi ni ndefu ya kutosha kutupa funzo. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, mashine yenye kioo kisicho na rangi wala taa. Mwaka uliofuata wapinzani wao, Sega, wakatoa Game Gear yenye rangi na kioo chenye taa. Kwa nguvu, Game Gear ilikuwa mbele. Lakini ilikula betri ndogo sita kwa muda wa saa tatu hadi tano, wakati Game Boy ilitumia betri nne kwa zaidi ya saa kumi. Mwisho wa hesabu Game Boy, pamoja na toleo lake la rangi, iliuza zaidi ya mashine milioni 118. Game Gear ilikomea takribani milioni 10.

Msomaji anayekumbuka bei ya betri za redio katika maduka ya Ngarenaro au Usa River miaka ile hahitaji mtaalamu wa kumweleza kwa nini.

Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeongoza kazi ya Game Boy, alikuwa na msimamo wa kutumia teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha kuitafutia matumizi mapya. Kampuni yake haikuacha njia hiyo. Switch ya kwanza ilipotoka Machi 2017, chipu yake ya Nvidia ilikuwa ya ukoo uleule uliokuwa tayari sokoni tangu mwaka 2015. Pamoja na uzee huo wa chipu, Switch imeuza zaidi ya milioni 150. Na chipu ya Switch 2 imetokana na kizazi ambacho Nvidia ilikitoa kwanza mwaka 2020.

Sababu si ubahili tu. Mashine ya mkononi inabanwa na mambo matatu ambayo hayawezi kuhongwa: betri, joto na uzito. Prosesa yenye nguvu hula umeme mwingi, umeme huleta joto, na joto hutaka feni na nafasi ya kupumulia. Ukiongeza betri, mashine huwa nzito mikononi mwa mtoto. Switch 2 ina betri ya miliampia 5,220, kubwa kuliko ile ya 4,310 ya Switch ya kwanza, lakini watengenezaji wenyewe wanasema itakaa kati ya saa mbili na saa sita na nusu. Betri imeongezwa, na nguvu imeila.

Kwa mteja wa Ngaramtoni, Poli au Nkoaranga, ambako umeme ukikatika wakati wa masika huweza kuchukua muda kurudi, saa mbili za betri ni habari kubwa kuliko idadi ya picha kwa sekunde. Muuzaji anayemsifia prosesa bila kumtajia betri anajiandalia ugomvi wa kurudishiwa mashine Jumatatu asubuhi.

Nafasi ndiyo inayogusa mfuko

Tuje sasa kwenye hifadhi, yaani mahali gemu zinapokaa ndani ya mashine. Hapa ndipo kampuni nyingi zimejikwaa, na hapa ndipo muuzaji wa rejareja hupata au hukosa riziki.

Sony ilipotoa PlayStation Vita, Japani Desemba 2011 na Marekani mapema mwaka 2012, ilikuwa mashine yenye nguvu kuliko wapinzani wake. Iliuzwa dola 249.99. Lakini haikukubali kadi za memori za kawaida. Ilitaka kadi zake yenyewe, na ile ya gigabaiti 32 iliuzwa karibu dola 100. Mteja aliyedhani amemaliza kulipa alikuta bado ana deni la zaidi ya theluthi moja ya bei ya mashine. Bei ya kadi haikuwa sababu pekee, maana simu nazo zilikuwa zimeanza kuteka wachezaji. Hata hivyo inakadiriwa kwamba Vita haikufikia hata robo ya mauzo ya mtangulizi wake, PSP, iliyouza karibu milioni 80.

Switch ya kwanza ilikuja na gigabaiti 32 tu, lakini ilikubali kadi ndogo za memori za kawaida, zilezile zinazowekwa kwenye simu na kamera. Hii ilikuwa neema kwa maduka yetu. Kadi moja iliweza kuuzwa kwa mwenye simu, kwa mpiga picha wa harusi, kwa muongoza watalii mwenye kamera, na kwa mtoto mwenye Switch.

Switch 2 imeuvunja mpango huo. Ina gigabaiti 256 za ndani, lakini kwa kuongeza nafasi ya gemu inakubali kadi za aina mpya tu, microSD Express. Kadi ya zamani ukiichomeka itakuwezesha kuhamisha picha na video zilizorekodiwa kwenye mashine ya awali, basi. Gemu haiwekeki humo. Kadi hizo mpya za gigabaiti 256 ziliingia sokoni Marekani kwa takribani dola 60, mara kadhaa ya bei ya kadi za kawaida za ukubwa huohuo.

Hapana shaka mwenye duka aliyejaza kabati lake kadi za kawaida akitegemea wateja wa Switch 2 ameumia. Na mwenye duka anayemuuzia mteja kadi ya kawaida huku akimwambia "itakubali tu" anauza jina lake.

Aidha, kuna suala la kaseti. Zamani kaseti ya gemu ilikuwa na gemu yenyewe ndani. Sasa baadhi ya kaseti za Switch 2 zina ufunguo tu. Mteja akiichomeka, mashine huanza kuipakua gemu kutoka kwenye intaneti. Sanduku lake lina alama ya ufunguo upande wa mbele, chini. Muuzaji ajifunze kuitambua alama hiyo kama anavyotambua noti bandia.

Kwa nini? Tufanye hesabu ndogo. Gemu kubwa ya gigabaiti 60, kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, huchukua zaidi ya saa 13 kushuka. Mwenye intaneti ya waya Njiro au Sakina atalala na kuamka gemu ikiwa tayari. Anayetegemea bando la simu kwenye miteremko ya Meru atamaliza fedha kabla ya gemu kufika nusu. Na gemu nne za ukubwa huo zinatosha kujaza mashine. Kwa sababu hiyo, kaseti iliyobeba gemu nzima ina thamani zaidi Arusha kuliko ilivyo Tokyo au London, na muuzaji anayejua tofauti hiyo ana haki ya kuitoza.

Hesabu ya mtaji

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tufungue daftari.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola moja ili iwe rahisi. Mashine ya dola 449.99 ni kama shilingi 1,125,000. Weka shilingi 75,000 za usafiri na bima, inakuwa 1,200,000. Kwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao ni kiwango cha kawaida cha Afrika Mashariki kwa bidhaa zilizokamilika, unaongeza 300,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya 1,500,000 ni 270,000. Umefika 1,770,000 kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala.

Tuseme unaiuza 1,950,000. Faida ni 180,000, yaani asilimia kumi hivi. Kwa mashine kumi umefunga shilingi milioni 17.7 ili upate milioni 1.8, kama zote zitauzwa na kama kodi ya pango na mshahara wa kijana wa dukani havijagusa.

Sasa kumbuka kilichotokea mwaka 2011. Nintendo ilitoa mashine yake ya 3DS Marekani mwezi Machi kwa dola 249.99. Mauzo yakadorora, na Agosti mwaka huohuo bei ikakatwa hadi dola 169.99. Hilo ni punguzo la asilimia 32 katika muda usiozidi miezi mitano. Kitu kama hicho kikiikuta shehena yetu ya mfano, thamani ya mashine moja inashuka kwa zaidi ya shilingi 560,000. Mashine moja iliyokwama inakula faida ya tatu zilizouzwa vizuri.

Linganisha na vifaa vidogo. Kwa bei za ng'ambo kabla ya kodi, fedha ya mashine moja hununua kadi saba za aina mpya na chenji inabaki. Kadi, chaja, makasha na vioo vya kulinda havileti sifa mtaani, lakini huzunguka. Mteja hununua mashine mara moja kwa miaka mingi. Vifaa hivi hurudi kuvifuata.

Bei zinapopanda badala ya kushuka

Kuna jambo jipya ambalo limewachanganya hata wazoefu. Kanuni ya miaka yote ilikuwa kwamba mashine ya gemu inapozeeka bei yake hushuka. Mwaka 2025 kanuni hiyo ilipinduka. Microsoft ilipandisha bei za Xbox Marekani mwezi Mei na tena Oktoba. Agosti Nintendo ikapandisha bei ya Switch ya zamani nchini humo, na mwezi huohuo Sony ikapandisha PlayStation 5 kwa dola 50.

Ushuru mpya wa Marekani ulikuwa na mchango wake. Lakini kuna sababu ya pili inayotuhusu moja kwa moja, nayo ni chipu za memori. Kuelekea mwisho wa 2025 bei za chipu hizo zilipanda kwa kasi, kwa kuwa makampuni yanayojenga mitambo mikubwa ya akili bandia yalikuwa yakizinunua kwa wingi. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na biashara yake ya memori kwa wateja wa kawaida, iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Crucial, ili ihudumie wanunuzi wakubwa. Mwezi huohuo Valve nayo ilisitisha toleo la bei nafuu la mashine yake ya Steam Deck.

Wapo watakaosema: kama bei zinapanda, basi tujaze maghala tusubiri. Safu hii haikubaliani nao. Kulangua mashine za gemu si sawa na kuweka mahindi ghalani. Mahindi yana mlaji kila siku. Mashine ya gemu ina mlaji mwenye akiba, na mlaji huyo akiona bei imepanda kupita kiasi huahirisha, au huchezea simu yake. Betri iliyokaa rafuni bila kuchajiwa nayo huzeeka. Tena mlanguzi mdogo hushindana na wauzaji wa jumla wa Kariakoo na Nairobi, ambao wakiamua kutoa mzigo wao siku moja humwacha peke yake na bei yake.

Mitego ya mzigo wa bei poa

Kwa wanaoagiza kupitia Dubai au kwa jamaa walioko nje, kuna mitego mitatu ya kuangalia.

Wa kwanza ni Switch 2 ya soko la Japani. Mwaka 2025 Nintendo ilianza kuuza huko kwa yen 49,980 mashine inayozungumza Kijapani tu na kutaka akaunti ya Japani. Ile ya lugha nyingi huko ilikuwa yen 69,980. Mtu akikuletea mashine "mpya kabisa" kwa bei ya chini sana, iwashe kwanza uone kama unaweza kuisoma. Mzazi wa Moshono hatanunua mashine inayomtaka mwanawe ajue Kijapani.

Wa pili ni mashine za mitumba zilizofungiwa. Nintendo huzizuia kuingia kwenye huduma zake za mtandao mashine ambazo imegundua zilitumiwa kwa kaseti za kunakilia gemu. Ukiitazama kwa macho, mashine kama hiyo haina kasoro. Iunganishe na mtandao kabla ya kulipa.

Wa tatu ni kadi bandia za memori, ugonjwa wa siku nyingi. Kadi huandikwa gigabaiti 512 na hata mashine husoma hivyo, kumbe ndani ni 32. Ikijaa, inaanza kufuta au kuharibu vilivyomo. Zipo programu za bure za kompyuta zinazojaza kadi na kuisoma upya ili kujua ukubwa wake wa kweli. Muuzaji apime angalau kadi moja katika kila boksi, na ampe mteja risiti ya mashine ya kodi. Anayekwepa kutoa risiti huwa anajua anachouza.

Makisio yetu kuhusu kizazi kijacho

Baada ya kuonya kuhusu uvumi, si vibaya kusema tunavyoona wenyewe. Haya ni maoni, msomaji asiyachukue kama habari.

Novemba 2024 Bloomberg iliandika kwamba Sony ilikuwa katika hatua za awali za kubuni mashine ya mkononi ya kuchezea gemu za PlayStation 5. Hatua za awali kwa kampuni hizi ni suala la miaka. Tusisahau kwamba uvumi wa mashine ya Sony ulipovuma mwaka 2023, kilichotoka Novemba mwaka huo ni PlayStation Portal ya dola 199.99, ambayo haihifadhi gemu ndani yake bali ilipotoka ilizileta kwa mtandao kutoka kwenye mashine kubwa iliyoko nyumbani. Kwa mteja wetu wa kawaida, hicho ni kioo bila injini.

Upande wa juu wa soko tumekwisha kuona bei ya nguvu. ROG Xbox Ally X, iliyotoka Oktoba 2025, ina memori ya kazi ya gigabaiti 24 na hifadhi ya terabaiti moja, na bei yake ilipotoka ilikuwa dola 999.99. Kwa kiwango chetu cha mfano hiyo ni shilingi milioni 2.5 kabla ya forodha. Wateja wake Arusha wapo, lakini hawahitaji duka la kuweka rafuni. Wanahitaji mtu mwaminifu wa kuwaagizia.

Makisio yetu basi ni kwamba mashine zijazo zitatangazwa kwa hifadhi ya gigabaiti 512 hadi terabaiti moja, kwa sababu gemu zimenenepa na 256 imekwisha kuonekana ndogo. Lakini maadamu chipu za memori zinagombewa, nafasi hiyo haitatolewa bure. Ama bei ya mashine itapanda, ama kampuni itaweka nafasi ndogo na kumwachia mteja mzigo wa kununua kadi. Katika hali zote mbili muuzaji wa kadi ya kweli atapata kazi. Nguvu nayo itaongezeka kwa kadiri betri itakavyoruhusu, wala si zaidi.

La kufanya sasa

Kwanza, mwenye duka asiweke rafuni mashine nyingi kuliko anazoweza kuuza kwa mwezi mmoja. Mashine za bei kubwa ziagizwe kwa oda, mteja akitanguliza sehemu ya fedha kwa maandishi.

Pili, mzunguko wa fedha wa Arusha ufuatwe. Msimu wa watalii wa Juni hadi Oktoba na sikukuu za Desemba ndipo fedha huonekana mikononi mwa watu. Aprili na Mei, magari ya safari yakiwa yameegeshwa, ni wakati wa kupunguza mzigo.

Tatu, kadi zilizopo zitenganishwe. Za kawaida ziuzwe kwa wenye simu, kamera na Switch ya zamani, ambao bado ni wengi. Aina mpya iletwe kidogo kidogo kwa kadiri Switch 2 zinavyoingia mjini. Mashine hiyo ilivuka milioni 10 duniani kabla ya mwisho wa Septemba 2025, na sehemu yake itatufikia.

Nne, kwa mwekezaji mdogo anayeweka akiba yake katika duka la ndugu au anayekopesha kupitia kikundi: usiulize duka lina mashine gani mpya. Omba kuona daftari, uangalie mzigo wa mwezi uliopita umebaki kiasi gani. Duka lenye kabati linalong'aa na daftari tupu ni hatari kwa fedha yako.

Uvumi wa mashine nyingine utakuja, pengine kabla ya masika ijayo, na utataja nguvu kubwa kuliko zote zilizotangulia. Atakayeuleta muulize maswali matatu: inahifadhi kiasi gani, inatumia kadi ya aina gani, na betri yake inakaa saa ngapi. Akishindwa kujibu, mkaribishe chai, mtaji wako uache ulipo.